Majivu Niliyoyaonja

Edita mwanangu,

Baba yako ni mtu mwenye bahati kuliko wanaume wote kuanzia Mabamba mpakani hadi Kasulu mjini, na wa Kakonko kama wanabisha waje na mizani tupimane. Miti minne imeniangukia nikiwa chini yake, na yote minne ilichagua kulala pembeni. Lori la kuni lilipinduka nikiwa nimekaa juu ya mzigo. Nikarushwa kwenye shamba la viazi, nikasimama, nikang'oa kiazi kimoja nikaondoka nacho. Nimekabwa koo, nimepigwa rungu, nimekimbizwa na watu watatu wenye mapanga na mbio kunizidi, na wote watatu wakajikwaa kwenye kisiki kimoja. Na bahati iliyozidi zote ni hii: pamoja na hasira zangu unazozijua, pamoja na mikono hii iliyopasua kuni maisha yangu yote, hakuna mtu aliyewahi kupoteza uhai katika ugomvi wangu. Hata mmoja. Wenzangu wangapi wa rika langu wanaweza kusema hivyo?

Hali yako sikuulizi kwa sababu nakuona. Uko uani unakunja nguo, mama yako anazikunjua na kuzikunja upya. Jua bado halijafika kwenye paa la jirani. Basi lako ni kesho asubuhi, na habari za nauli, chakula cha njiani, simu na sala mama yako ameshakuambia mara mbili, shangazi yako akaongeza ya tatu. Mimi nimejifungia humu chumbani na daftari lako la zamani. Mnadhani natafuta kitambulisho. Shule niliacha darasa la tano, si kwa ujinga, ni kwamba mwalimu alikuwa anachelewa kunifikia. Kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Nakuandikia kwa ajili ya maneno uliyosema Jumapili, kwenye chakula cha kukuaga. Ulisimama na soda mkononi ukawaambia wageni, "Mimi porini sihitaji kifaa. Baba alinifundisha kusoma majivu. Nikiingia jikoni kwa mtu nikashika majivu yake, nitajua kakata mti gani, hata akikana mbele ya msalaba." Watu wakapiga makofi. Askari wa misitu mwanamke, tena mtoto wa mchoma matofali, nani asingefurahi. Baba yako mkubwa Filipo akasema, "Huyu atawanyoosha. Hasa hawa wa kuja." Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nyama ikanikwama kooni, mama yako akanipiga mgongoni akidhani ni mfupa.

Haukuwa mfupa.

Ni kweli nilikufundisha, na wewe ulishika haraka kuliko nilivyoshika mimi. Ulikuwa na miaka saba unaniambia, baba, huu ni mti wa mtundu, ona majivu meupe na mepesi kama unga wa muhogo uliochekechwa. Huu ni mkaratusi, umeisha kabla maharage hayajachemka na majivu yake ni kiganja kimoja. Huu ni mwembe, majivu mazito, na jiko lote linakohoa. Mabua ya mahindi meusi, yanapeperuka hata ukipiga chafya. Nilikupeleka kilabuni kukuonyesha kwa watu kama mtu anayeonyesha jogoo wake. Niliwaambia huyu ni damu yangu, wekeni majivu hapa aseme. Ukasema, na hukukosea.

Kitu kimoja sikukufundisha. Sasa nakueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukisikia basi linapiga honi.

Hujawahi kuuliza kwa nini tulihama Kitahana tukaja hapa Kibondo mjini ukiwa na miaka miwili, tukaacha shamba zuri la babu yako. Miaka ile kambi zilikuwa zimejaa watu waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka, na kuni zilikuwa zimeanza kwisha. Mwanamke alikuwa anatoka kambini alfajiri kutafuta kuni, anarudi jioni hana kuni wala panga, na wakati mwingine hana jino. Sisi tulisema wanatumalizia pori. Wao walisema maharage hayatafunwi mabichi. Wote tulikuwa na haki, na wote tulikuwa na fimbo. Mimi mwenyewe nimempokonya mama wa watu mzigo wake wa kuni nikaupeleka kwenye tanuri langu, nikarudi nyumbani nikala vizuri na kulala fofofo. Siku hizo niliita hivyo ulinzi wa mazingira.

Babu yako alipofyeka lile shamba aliacha mninga mmoja kwenye mpaka. Unaujua mninga ukikatwa, unatoka utomvu mwekundu, huwezi kuutofautisha na damu mpaka unuse. Mzee alipigilia msumari wa inchi sita kwenye shina akawa anatundika redio yake akipalilia. Alipofariki tulimzika hatua chache kutoka hapo. Redio tuliigombania, msumari ulibaki.

Basi nilikwenda Mabamba siku mbili kumchomea mtu tanuri. Mama yako alikuwa kwao Kasulu, amekupeleka ukaonwe na wazee. Narudi, nakuta kisiki. Kilikuwa bado kinavuja. Nilichovya kidole, nikahisi wamemfuata baba yangu kaburini wakamchinja. Sikwenda hata kunawa. Nilikwenda kilabuni na panga mkononi nikasema atakayenitajia aliyeukata nitamnywesha mwezi mzima, na aliyeukata nitamnywesha damu yake. Filipo alikuwa ameketi karibu na mtungi. Akaniambia taratibu, "Si wewe unayejisifu unasoma majivu? Kasome. Na ukianza, usimsahau yule mgeni wa mwisho wa njia."

Asubuhi, kabla akina mama hawajazoa majivu ya jana, tukaanza mzunguko. Nyumba ya kwanza nikasema mkaratusi na mabua. Mama mwenye nyumba akakubali. Nyumba ya pili nikashika, nikanusa, nikamwambia mwenye nyumba, "Wewe umechoma mguu wa kitanda." Akakiri mbele ya mkewe, watu wakaanguka kwa kicheko. Kila nyumba umati unaongezeka. Sikuwa nimeonja pombe tangu jana yake, lakini nililewa, mwanangu. Kulewa sifa hakuna supu ya kukuzindua.

Mwisho wa njia alikuwa anakaa Zakaria na mkewe Odeta. Walitoka kambini wakapanga kibanda, wakawa wanalimia watu. Zakaria alinifyatulia matofali misimu miwili. Mtu mpole, lakini ana ulimi. Alikuwa ananiambia nachoma tanuri kama mtu anayechemsha maji ya kunyolea ndevu. Aliponiona natokea na watu wale wote alitabasamu, akadhani nimeleta utani. Akanisalimu kwa lugha ya kwao, "Mwakeye, fundi. Leo tunajenga kanisa?"

Nyuma ya kibanda kulikuwa na rundo la majivu, mengi kuliko yanayoweza kutoka kwenye jiko la watu wawili, na kwa mbali yana wekundu. Wekundu ule ulikuwa wa udongo wetu tu, udongo huu huu unaochafua soksi zako. Lakini mimi nilikuwa nimeshanyoosha kidole. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wa nyuma, "Ni hapa." Ndipo nikachota, nikaonja.

Ulimi uliniungua. Chumvi yake, ukali wake, vile unavyokausha mate. Mtoto wa hapa anayejua kufua anajua ladha ile. Ni majivu ya maganda ya ndizi, yale ya kuchujia maji ya kupikia sabuni. Nilijua, Edita. Nilijua kabla sijameza mate.

Zakaria akasema, "Fundi, hayo ni ya maganda. Odeta anapika sabuni, sufuria ipo ndani motoni. Ingia uone."

Filipo akauliza, "Ni mninga au si mninga?"

Watu kama arobaini wakanitazama mdomo. Nikasema, "Ni mninga."

Ukitaka kujua mtu anauawaje na watu wasiomchukia, ni hivyo. Neno moja, na sauti ya kujiamini. Na aliyeanza kupiga ni mimi, kwa sababu Zakaria alinitazama, akaona kwamba najua, na sikuweza kuvumilia kuonwa. Niliokota kipande cha mtundu kwenye rundo lake mwenyewe la kuni nikampiga begani. Bega lilitoa ile sauti ya kijiti kikavu ukikikanyaga. Wengine wakaokota. Kila mtu alichukua kuni zake humo humo, mpaka rundo likaisha, maana hakuna aliyekuja na silaha isipokuwa mimi na ulimi wangu. Walipiga kwa zamu kama wanaotwanga, aliyechoka anampisha mwenzake. Alipojikunja walimkunjua kwa miguu. Jino lake lilinirukia kifuani likagonga kifungo cha shati, nikasikia lilivyogonga. Mtu mmoja, jirani yetu mtu wa sala, alikuwa anapiga huku analia, na hakuacha kupiga.

Odeta alitoka ndani na sufuria ya maji yale ya majivu yanachemka. Hakupiga yowe la kuomba msaada. Alisema kwa lugha yao, "Ni isabune. Ni isabune," kama anayemfundisha mtu mgumu wa kuelewa, halafu akatumwagia.

Kovu la mkono wangu wa kushoto nilikuambia ni mlango wa tanuri. Ni hayo maji. Ngozi ilitoka kama soksi. Lakini maumivu si kitu, mimi nimeshaungua mara nyingi. Nilipojishika mkono niliteleza. Mkono ulikuwa unateleza kama wa mtu anayeoga kwa sabuni. Nikawaona wenzangu waliorukiwa wanajisugua viganja, wanateleza, wanatazamana. Hakuna mninga duniani unaofanya hivyo. Kila mtu alielewa wakati uleule, kwa ngozi yake. Walidondosha kuni mmoja mmoja wakaenda zao kwa mwendo wa kawaida, kama watu waliotoka mnadani. Filipo alitangulia.

Nilibaki mimi, Odeta, na yeye chini. Nikaleta baiskeli yangu ya kubebea mkaa, tukamfunga kwenye kiti cha nyuma kwa kitenge cha mkewe, nikaisukuma kuelekea hospitali. Bahati ikatushika. Akatibiwa, akapona, miezi michache baadaye wakavuka Mabamba kurudi kwao. Nasikia amefungua duka na amenenepa. Hivyo ndivyo nilivyomsimulia mama yako aliporudi, na yeye hakuuliza zaidi ya hapo, akafunga virago tukahama.

Sasa mninga. Baada ya miezi kama miwili nilikuwa Kasulu kununua bawaba, nikapita kwa seremala mmoja nikamkuta anatukana ubao. Msumeno wake ulikuwa umekatika meno. Akanionyesha: ubao wa mninga mwekundu safi, katikati una doa jeusi, na ndani ya doa kuna msumari wa inchi sita. Akasema mti ule aliuziwa na mzee mmoja wa Kitahana anaitwa Filipo, na akimpata atamlipisha msumeno.

Nilicheka pale dukani, seremala akadhani nimepata wazimu. Nani anapikia maharage mninga, Edita? Mninga ni mbao. Ni milango, ni vitanda vya maharusi. Wewe ukiwa na miaka saba ungenicheka. Mtu akiiba mninga mkubwa namna ile haupeleki jikoni, anaupeleka kwa wapasua mbao. Watu arobaini wa Kitahana, wote wamezaliwa kwenye miti, walizunguka na mimi nyumba kwa nyumba kutafuta mninga ndani ya majivu, na hakuna hata mmoja aliyesema jamani, huu ujinga. Na mimi bingwa wao ndiye niliyetangulia.

Nilirudi kumtafuta Filipo. Nilimkuta anapalilia maharage, hakukimbia. Nikamwonyesha msumari, maana nilikuwa nimemwomba seremala anipe. Akautazama, akaniambia, "Mti niliuuza mimi, sikatai. Lakini aliyesoma majivu ni wewe."

Yale mapengo mawili ya mbele ya baba yako mkubwa si teke la ng'ombe. Nilimpiga kwa ngumi yenye msumari ndani yake, na ningeendelea, maana alikuwa amelala chali ananingoja niendelee. Kilichonishinda ni kwamba nilikuwa nampiga kwa ajili ya maneno ya kweli. Toka hapo tunasalimiana, tunazikana, tunakula sahani moja kwenye sherehe, na hatujawahi kulitaja. Jumapili aliposema atawanyoosha hawa wa kuja, hakunitazama. Mimi nilimtazama.

Kwa hiyo unakwenda. Watakupa sare, watakupa na kitu cha kushika mkononi. Utaingia kwenye jiko la mtu, na nyuma yako watakuwepo watu, na miongoni mwao atakuwepo wa kukunong'oneza, anzia kwa yule mgeni. Majivu utayasoma vizuri, sina shaka, damu ni damu. Yatakuambia nini kiliungua. Hayatakuambia nani alikata, nani alinunua sokoni, nani alipewa na mama mkwe wake. Na hayo yote ni madogo. Kubwa ni hili: mimi nilitamka kabla ya kuonja, na nilipoonja nikakuta mdomo umeshanifunga kamba. Ukikutwa umeshatamka, na kweli ikakuchoma ulimi mbele za watu, sema umekosea. Watakucheka. Mimi ningechekwa asubuhi ile mpaka leo, wangenipa jina la utani la kufa nalo, Mzee Sabuni, na ningekuwa nalipenda.

Bado moja. Kila baada ya kuvuna maharage unaniona nafunga mzigo wa kuni kavu za mtundu, nausukuma kwa baiskeli mpaka barabarani, napanda nao gari kwenda Gwarama. Umeniuliza mara nyingi nampelekea nani, nikakujibu nina mchumba wa uzeeni, mama yako akanirushia mwiko. Nampelekea Odeta. Mara ya kwanza nilipofika alinitazama muda mrefu akasema, "Weka hapo. Sitazichoma." Na hajachoma. Zimepangwa kando ya nyumba yake mwaka juu ya mwaka, za chini zimeliwa na mchwa zimekuwa udongo. Kwake anapikia mabua na vijiti anavyookota mwenyewe, mgongo umepinda. Hakuna kuni nilizowahi kupasua vizuri kama zile, na hazijatoa hata kiganja kimoja cha majivu.

Anakaa peke yake. Hawakuvuka Mabamba. Hakuna duka.

Ule ukurasa wa kwanza wa barua hii ningeweza kuuchana nikaanza upya, karatasi zipo. Nimeuacha ili uuone uongo wa baba yako ulivyonyooka, usomeke, uchekeshe, na mwisho wake uwe ndio huu. Tulikuwa tumefika kwenye kile kilima cha kabla ya mjini. Nilikuwa nasukuma kwa mkono mmoja, Odeta ameshika kichwa chake kisining'inie. Zakaria akauliza kama sabuni imemwagika yote. Odeta akamjibu imebaki kidogo. Hakuuliza tena, na tulipofika juu baiskeli ilikuwa nzito kwa namna nyingine.

Kituoni polisi watu waliandikisha kwamba ni wananchi wenye hasira. Jina langu hakulitaja mtu.

Nimejisifu kwamba hakuna aliyekufa katika ugomvi wangu. Si kweli. Alikufa Zakaria, na nilijua ni sabuni.

Baba yako